Kuona Ndani ya Zege, Reli na Betri kwa Nyutroni na Muoni

Nguzo ya zege iliyojengwa karibu na bahari huanza kuharibika muda mrefu kabla jicho halijaona ufa. Jijini Dar es Salaam, kuanzia Msasani hadi Kigamboni, upepo hubeba chumvi, chumvi hutua ukutani, mvua huiyeyusha, na maji yenye chumvi hupenya polepole kwenye vinyweleo vya zege. Ndani ya zege nzuri, nondo hulindwa na utando mwembamba sana unaojijenga wenyewe kwa sababu saruji ina alkali kali. Kloridi iliyomo kwenye chumvi ikiifikia nondo, utando ule hutoboka na kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huisukuma zege kutoka ndani mpaka ipasuke. Fundi anapogonga nguzo kwa nyundo na kusikia kuna uwazi, hasara imeshaingia zamani.

Mhandisi wa jiji hili anahitaji kujua mambo yanayotangulia kutu: maji hupenya kwa kasi gani, hupita njia ipi, na ni mchanganyiko upi wa saruji, mchanga na kokoto unaoyachelewesha zaidi. Ili kuyajua hayo sharti ayaone maji yakiwa bado ndani ya zege. Eksirei haimsaidii sana. Zile tunazopigwa hospitalini tukivunjika mkono huzuiliwa na elektroni za atomu. Atomu yenye elektroni nyingi huzizuia zaidi, yenye chache huziacha zipite. Risasi ina elektroni 82 kwa kila atomu, haidrojeni ina moja tu. Maji, ambayo theluthi mbili ya atomu zake ni haidrojeni, hufifia kwenye picha ya kitu kilichojaa kalisi, silikoni na chuma.

Nyutroni, chembe iliyomo ndani ya kiini cha atomu, huona kwa namna nyingine kabisa. Kidato cha tatu tunaifundisha kama namba ya kujumlisha na protoni ili kupata uzito wa atomu, kisha tunaiacha, na nadhani hapo tunawanyima wanafunzi sehemu tamu ya hadithi. James Chadwick aliithibitisha mwaka 1932 kule Cambridge. Kilichoifanya ichelewe kugunduliwa ndicho kinachoipa faida leo: haina chaji ya umeme. Kwa kuwa haina chaji, hupita katikati ya elektroni bila kusukumwa wala kuvutwa na umeme wake, ikaenda hadi kwenye kiini cha atomu, na huko ndiko inakogeuzwa njia au kumezwa. Uwezo wa kiini kuigeuza nyutroni haufuati ukubwa wa atomu. Haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko elementi zote, hutawanya nyutroni kwa nguvu sana, ilhali alumini na risasi huziachia zipite kwa urahisi.

Kipande cha zege kikiwekwa mbele ya mwale wa nyutroni, na nyuma yake pakawekwa bamba linalong'aa likiguswa na nyutroni pamoja na kamera ya kulipiga picha, maji huonekana yakipanda ndani ya kipande dakika baada ya dakika. Klorini nayo humeza nyutroni kwa wingi kuliko elementi nyingi zinazounda zege, hivyo hata safari ya chumvi yaweza kuacha alama. Kipande chenyewe lazima kiwe chembamba, cha sentimita chache, kwa kuwa saruji iliyokauka bado ina maji yaliyofungamana nayo na nyutroni haziwezi kupenya unene mkubwa. Kwa hiyo mtu asidhani atasimamisha mtambo mbele ya ghorofa la Upanga. Anachofanya ni kukata sampuli, kuisafirisha, na kujifunza kutokana nayo tabia ya ukuta mzima.

Nyutroni zinatoka wapi

Nyutroni zimo ndani ya kila kitu tunachokigusa, isipokuwa haidrojeni ya kawaida, lakini zimefungwa kiinini. Kuna njia mbili kubwa za kuzitoa kwa wingi wa kutosha kufanyia utafiti. Ya kwanza ni kinu cha nyuklia, ambamo viini vya urani hupasuka na kutoa nyutroni. Kinu cha utafiti si cha kuzalisha umeme. Kile cha taasisi ya ILL kule Grenoble, Ufaransa, kimekuwa kikihudumia wanasayansi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na kazi yake kubwa ni nyutroni zenyewe. Barani kwetu, kinu cha SAFARI-1 kule Pelindaba, karibu na Pretoria, kilianza kufanya kazi mwaka 1965, na uwezo wake ni megawati 20. Kinajulikana zaidi kwa kutengeneza isotopu za tiba, yaani atomu zenye mionzi zinazotumika hospitalini, lakini pembeni yake kuna mitambo ya kuchunguza madini, vyuma na mabaki ya kale kwa nyutroni.

Njia ya pili haihitaji urani kabisa. Katika kituo cha utafiti cha ISIS, kilichopo Oxfordshire nchini Uingereza, protoni huzungushwa katika kichapuzi (mashine ya kuongeza kasi ya chembe) cha duara chenye mzingo wa mita 163 hadi zifikie takriban asilimia 84 ya kasi ya mwanga. Kisha huelekezwa kwenye bamba la tungsteni. Protoni moja ikikibomoa kiini cha tungsteni huchomoa nyutroni zaidi ya kumi. Jambo hilo hurudiwa mara 50 kila sekunde, na limekuwa likifanyika hapo tangu Desemba 1984. Umeme wa kichapuzi ukizimwa, nyutroni hukoma papo hapo. Nalisisitiza hili kwa kuwa watu wengi wakisikia neno nyuklia mawazo yao hukimbilia kwenye bomu. Katika mtambo wa aina hii hakuna mfululizo wa mpasuko unaoweza kujiendesha wenyewe.

Nyutroni iliyotoka sasa hivi huwa na kasi kubwa mno, haifai kwa kazi nyingi. Hupunguzwa mwendo kwa kupitishwa kwenye kitu chenye haidrojeni nyingi, kwa sababu nyutroni na kiini cha haidrojeni vina uzito unaokaribiana sana, na vitu viwili vya uzito sawa vikigongana kimoja chaweza kupokonywa karibu mwendo wake wote. Maji hutumika, haidrojeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika hutumika, na methani iliyopozwa pia. Methani hiyo ndiyo sehemu kubwa ya gesi ya Songo Songo, ile inayokuja Dar es Salaam kwa bomba kuendesha mitambo ya umeme ya Ubungo. Sikutaka kuipita bila kuitaja, maana tunaijua kwa bei na kwa umeme tu.

Baada ya kupozwa hadi joto la kawaida la chumba, nyutroni huenda kwa takriban mita 2200 kwa sekunde. Fizikia inasema kila chembe ina tabia ya wimbi, na kwa kasi hiyo wimbi la nyutroni lina urefu wa nanometa 0.18 hivi. Huo ndio ukubwa wa nafasi iliyopo kati ya atomu moja na jirani yake ndani ya chuma au madini. Nyutroni zikitawanywa na safu za atomu, mawimbi yake huimarishana katika pembe fulani na kufutana katika nyingine, na kutokana na pembe hizo mtafiti hukokotoa atomu zimepangwaje. Bahati nyingine ni kwamba nishati ya nyutroni hizo inakaribiana na nishati ya mtikisiko wa atomu, hivyo nyutroni ikiingia na kutoka ikiwa imepoteza au kuongeza nishati, tofauti hiyo hueleza atomu zinavyocheza. Clifford Shull wa Marekani alitambuliwa kwa kazi ya kwanza, Bertram Brockhouse wa Kanada kwa ya pili, na wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1994, karibu nusu karne baada ya Shull kuanza majaribio yake kule Oak Ridge pamoja na Ernest Wollan. Wollan alikuwa ameshafariki.

Mkazo uliojificha ndani ya chuma

Reli ya chuma ikitoka kiwandani hunyooshwa kwa kupitishwa kati ya magurudumu mazito. Kunyooshwa huko huiacha na mkazo ndani yake hata kabla ya treni yoyote kupita: kichwa cha reli na kitako chake huwa vinavutwa, na sehemu ya katikati huwa inabanwa. Mafundi wakichomelea vipande viwili kuwa kimoja, joto la kuchomelea huongeza mkazo mwingine. Kisha yanakuja magurudumu ya treni, maelfu kwa maelfu ya mizunguko, kila moja likiongeza uchovu kidogo kwenye chuma. Ufa unaoanzia ndani unapenda kuanzia pale mkazo wa kuvuta ulipo mkubwa.

Kwa jiji ambalo tangu mwaka 2024 lina treni ya umeme inayokwenda hadi Dodoma, hili ni jambo linalotuhusu. Kupima mkazo ulio ndani ya chuma si rahisi. Eksirei za kawaida za maabara huishia kwenye ngozi ya chuma, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Njia nyingine ni kuikata reli na kupima inavyojikunja baada ya kukatwa, lakini ukishaikata umeiharibu. Nyutroni hupenya sentimita kadhaa za chuma. Zikifika ndani, hupima nafasi kati ya safu za atomu. Mahali chuma kinapovutwa nafasi hiyo huwa imepanuka kidogo, mahali kinapobanwa huwa imepungua. Badiliko lenyewe ni dogo sana, pengine sehemu moja katika elfu kadhaa, lakini linapimika. Mtambo wa ENGIN-X pale ISIS umejengwa mahsusi kwa kazi hii, na vipande vya mabawa ya ndege, magurudumu ya treni na mabomba yaliyochomelewa hupitishwa hapo. Pelindaba nako kuna mtambo wa kupima mkazo, na ndio ulio karibu nasi zaidi.

Kuna hila nyingine ya nyutroni inayopendwa sana na wanakemia. Haidrojeni ina ndugu yake mzito aitwaye deuteriamu. Kwa kemia ya kawaida hao wawili wanafanana mno, ila nyutroni huwaona tofauti kabisa. Ukibadilisha haidrojeni ya sehemu moja ya molekuli kwa deuteriamu, sehemu hiyo hujitokeza na nyingine hufifia. Kwa njia hiyo watafiti wameweza kuona sabuni inavyojipanga kwenye uso wa maji na mafuta yanavyounda utando wa seli.

Nyutroni pia ni sumaku ndogo, ingawa haina chaji. Mwaka 1949 Shull aliitumia sifa hiyo kuonyesha kwamba ndani ya oksidi ya manganizi sumaku za atomu hupangwa kinyume, moja ikielekea juu na jirani yake chini, kiasi kwamba kwa nje kitu chote hakionekani kuwa na usumaku. Louis Néel alikuwa ameshatabiri mpangilio huo kwa hesabu. Hakuna aliyekuwa ameuona.

Chembe inayoishi sehemu ya milioni ya sekunde

Muoni ni jambo jingine, na kwangu ndiyo inayostaajabisha zaidi. Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliigundua mwaka 1936 katika mionzi inayotoka angani. Chaji yake, hasi au chanya, ina ukubwa sawa na ya elektroni, lakini ni nzito mara 207 hivi, na inaishi kwa wastani wa mikrosekunde 2.2 tu kabla ya kuvunjika. Muoni huzaliwa kilomita 15 hivi juu yetu, chembe kutoka anga za mbali zinapogonga hewa. Kwa umri huo, hata ikienda karibu na kasi ya mwanga, ingepaswa kuishia baada ya mita 660 hivi. Inatufikia kwa sababu muda wa chembe inayokimbia hivyo huenda polepole ukilinganishwa na saa zetu, kama nadharia ya Einstein inavyodai. Mtu aliyesimama Kariakoo sasa hivi, au aliyeketi ndani ya daladala, hupitiwa na muoni takriban moja kila dakika kwa kila sentimita ya mraba ya ardhi anayoifunika.

Muoni hizi za angani zimetumika kutazama ndani ya vitu vikubwa. Luis Alvarez alizitumia kuchunguza piramidi la Khafre kule Giza na mwaka 1970 akatoa matokeo kwamba hakukuwa na chumba kilichofichwa katika sehemu aliyoichunguza. Mwaka 2017 timu ya ScanPyramids ilitangaza uwazi wenye urefu usiopungua mita 30 ndani ya Piramidi Kuu, jirani ya lile la Alvarez, bila kuchimba hata jiwe moja. Hiyo ni kazi ya kupiga picha. Watu huichanganya mara kwa mara na kazi ya maabara, ambayo haifanani nayo.

Katika maabara muoni hutengenezwa. Protoni zenye kasi hugonga kipande cha grafiti, madini tunayoyaita kinywe, na kutoa chembe ziitwazo pioni. Pioni huvunjika baada ya wastani wa nanosekunde 26 na kuzaa muoni. Kwa sababu ya namna pioni inavyovunjika, muoni zote za mwale hutoka usumaku wake ukiwa umeelekea upande mmoja. Muoni chanya ikiingizwa ndani ya kitu husimama mahali fulani kati ya atomu na kuwa dira ndogo iliyowekwa mle ndani: uga wa sumaku uliopo mahali pale huuzungusha usumaku wake, na ukubwa wa uga huamua kasi ya kuzunguka. Kisha muoni inavunjika na kutoa positroni (chembe kama elektroni, ila yenye chaji chanya), ambayo hupenda kutoka kuelekea upande ambao usumaku wa muoni ulikuwa umeelekea ilipovunjika. Vigunduzi vilivyozunguka sampuli huhesabu positroni zinatoka upande gani na baada ya muda gani. Ukikusanya mamilioni ya hesabu hizo unapata picha ya uga wa sumaku ndani ya kitu, hata ukiwa dhaifu kuliko ule wa dunia.

Faida yake hudhihirika katika vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote, vile vinavyotumika kwenye mashine za MRI. Muoni hupima uga wa sumaku unavyopenya ndani ya vitu hivyo, kina hadi kina, na hapo nadharia huthibitishwa au hukataliwa. Majaribio mengi ya namna hii hufanyika karibu na sifuri halisi ya joto, yaani baridi kali kuliko zote zinazowezekana, na upoaji wake hutegemea heli. Heli hiyo ndiyo gesi iliyotangazwa mwaka 2016 kuwa ipo kwa wingi katika bonde la Rukwa.

Betri ni eneo jingine, na linakua haraka. Katika betri za simu, bajaji na bodaboda za umeme zinazozidi kuonekana barabarani, ioni za lithiamu husafiri huku na kule kila unapochaji na kutumia. Lithiamu ni nyepesi, eksirei huiona kwa shida, lakini nyutroni huiona vizuri na hivyo zaweza kuonyesha imekwama wapi kwenye betri iliyochakaa. Muoni hueleza jambo la pili: ioni inaruka kutoka nafasi moja hadi nyingine mara ngapi kwa sekunde. Muoni iliyosimama jirani huhisi uga mdogo unaotoka kwenye viini vya lithiamu, na viini vikianza kuhama uga huo hubadilika. Upande mmoja wa betri hizo hutengenezwa kwa kinywe, na Mahenge, mkoani Morogoro, pana hazina kubwa ya madini hayo. Naona ni hasara kuuza kinywe kwa tani bila kuwa na watu wetu wanaojua kinavyofanya kazi ndani ya betri.

Muoni hasi zina kazi yake. Hunaswa na atomu, zikashuka kuelekea kiini, na njiani atomu hutoa eksirei zenye nguvu nyingi zinazoitambulisha elementi. Kwa kuongeza au kupunguza kasi ya muoni, mtafiti huamua ni kina gani achunguze chini ya uso, bila kukwaruza chochote. Kwa sarafu ya kale hili ni jambo kubwa. Sarafu za shaba zilizofuliwa Kilwa zimekaa ardhini kwa karne nyingi, na uso wake umebadilishwa na kutu ya kijani; ukipima uso peke yake unapata jibu la kutu. Kujua shaba ya ndani ilichanganywa na nini kungesaidia kufuatilia ilikotoka, na hivyo kufuatilia biashara yenyewe. Nyutroni pia hutumika kwa vitu vya kale, ila shaba iliyopigwa nyutroni hubaki na mionzi kwa muda. Ile ya isotopu mojawapo hupungua nusu kila baada ya takriban saa 13, na sampuli hairudishwi kwa mwenyewe mpaka ipimwe na kuonekana salama.

Anayetaka kutumia mitambo hii afanyeje

Kujenga mtambo wa namna hii kunagharimu fedha nyingi sana na huchukua miaka mingi. Hata nchi tajiri huchangiana: kituo kinachojengwa Lund, Sweden, ni cha mataifa mengi ya Ulaya kwa pamoja. Sidhani Tanzania inapaswa kuanzia hapo. Inapaswa kuanzia kwenye maswali yake, kwa sababu ndiyo yanayofungua mlango wa mitambo ya wengine.

Vituo vingi vikubwa havitozi ada ya muda wa kutumia mwale kwa utafiti ambao matokeo yake yatachapishwa wazi, ingawa vingine hutanguliza nchi wanachama na hilo ni vema kuuliza mapema. Mtafiti huandika kurasa chache: anataka kujua nini, kwa nini njia nyingine hazitoshi, sampuli zake zikoje, na anahitaji siku ngapi. Jopo la wataalamu husoma na kupanga maombi kwa ubora, na mara nyingi maombi huzidi nafasi. Kipengele kinachowaangusha wengi ni kile cha pili. Kama eksirei ya maabara ya chuoni ingetosha kujibu swali, jopo litamwelekeza huko.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika hapa hapa. Mtu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anayeshughulika na poda ya betri aipime kwanza kwa vifaa alivyonavyo pale Mlimani, aandike kilichoonekana na kisichoonekana, na hicho kisichoonekana ndicho akipeleke kama swali. Kwa uchunguzi wa mpangilio wa atomu, gramu chache za poda kwa kawaida zinatosha. Kuwa na mwenza aliyekwisha kutumia mtambo husaidia sana mara ya kwanza, na wanasayansi wa vituo hivyo hujibu barua za watu wasiowafahamu, kwani kumshauri mwombaji kabla hajaomba ni sehemu ya kazi yao. Vituo vingi hupokea maombi mara mbili kwa mwaka, na ambaye ombi lake halikupita huweza kuliandika upya kwa kufuata maoni ya jopo na kulipeleka tena awamu inayofuata.